Kofia Zangu: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara Barazani Amu

Kila nikikatiza Mkunguni, uwanja wa mji wetu wa Amu (Lamu), na chapeo kichwani, lazima kuna mtu atakayenisimamisha. Wengine hunitania, wengine huuliza kwa dhati, lakini maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake, ili siku nikiwa na haraka ya kuwahi boti nimwelekeze muulizaji huku nami niende zangu.

Una kofia ngapi?

31. Za vito, yaani za vitobo vilivyoshonwa kwa mkono, 6, bulibuli 2 nilizoletewa kutoka Unguja, tarbushi 1, za ukindu 4, chapeo za felti 11 na chapeo za majani 7. Kulikuwa na ya nane ya majani, ikaliwa. Habari zake ziko mbele.

Wewe ni Mwamu. Kofia ya vito ipo, chapeo ya nini?

Swali hili huulizwa kana kwamba nimeoa mke wa pili kwa siri.

Kwanza, chapeo si ngeni kama mnavyodhani. Neno lenyewe tulilichukua kwa Wareno, ambao kwao kofia ni *chapéu*. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, na waliomfuata wakakaa pwani hii hadi watu wakachoka nao. Waliondoka, neno likabaki, pamoja na meza na leso. Ukimwambia mtu avue chapeo kwa sababu ni ya kigeni, basi na chakula chake akitoe mezani.

Pili, mapenzi ya chapeo niliyapata kwa kutazama vito. Nimekulia mtaa wa Langoni, mlango wa pili kutoka kwa mzee aliyeshona kofia maisha yake yote. Alasiri alikuwa akikaa barazani mguu mmoja ameukunja, kitambaa kakishika karibu na jicho, nasi watoto tukipigana mbele yake asisikie. Siku moja aliniita kwa Kiamu: “Ndoo, mwanangu,” yaani njoo. Akanipa kofia aliyokuwa ameimaliza. Nilipoanza kuisifu maua yake aliipindua, nje ikawa ndani. “Nde kila mtu hupamba,” akasema. “Tazama ndani.” Ndani mlikuwa safi kama nje. Hakuna fundo lililoning'inia, hakuna uzi uliokatwa ovyo.

Tangu siku hiyo sijapokea kofia ya mtu yeyote bila kuipindua kwanza. Na chapeo nzuri husomeka vivyo hivyo: ukanda wa ngozi wa ndani, mshono wake, chapa ya mtengenezaji, bitana. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini napenda vitu viwili tofauti, jibu langu ni kwamba sijawahi kuviona tofauti.

Ya kwanza uliipata wapi?

Kwa ami yangu. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, akipandia Mombasa, akipotea mwaka, kisha akirudi na sigara, mafuta ya nywele na hadithi ambazo mama alitukataza kuzisikiliza. Katika safari moja alirudi na chapeo ya felti ya kijivu. Aliivaa Idi, akaivaa harusini, na siku alipofariki ndugu zangu wakubwa wakachukua saa na redio. Mimi nikachukua chapeo, hakuna aliyegombana nami.

Ilikuwa namba 57. Kichwa changu ni 59. Niliivaa hivyo hivyo mwaka mzima nikiumwa na kichwa, nikidhani ndivyo wakubwa wanavyojisikia.

Ndani yake, nyuma, pale ukanda wa ngozi unapokutana, kulikuwa na kifundo cha utepe kidogo kama ukucha wa mtoto. Niliamini ni hirizi. Nilimwapia rafiki yangu kwamba ami alifungiwa na mganga wa nchi za baridi asizame. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua: zamani ukanda wa ndani ulipitishwa uzi wa kukazia kofia ikae kichwani, na uzi ule ukifungwa nyuma. Uzi uliondoka, kifundo kikabaki pambo. Kina faida moja: ukikishika gizani unajua nyuma ya kofia ni wapi. Kile cha nje, cha utepe mpana, kwenye kofia za kiume hukaa upande wa kushoto.

Chapeo, pama, fedora, trilby, ni kitu kimoja?

Chapeo ni jina la ukoo: kofia yoyote yenye ukingo. Pama ni ile ya ukingo mpana wa kukinga jua. Fedora ni ya felti laini, juu ina bonde la urefu, mbele imebonyezwa pande mbili kwa vidole, na ukingo wake ni kama sentimita 6. Trilby ni mdogo wake, ukingo mfupi, nyuma umepinda juu. Homburg, iliyochukua jina la mji wa Ujerumani, ina ukingo uliokunjwa kote. Edward VII wa Uingereza aliipenda kabla hajawa mfalme, na akishapenda mwanamfalme, nani atakataa. Ile ngumu ya mviringo kama bakuli lililofunikwa, Waingereza huiita bowler, ilitengenezwa London mwaka 1849 kwa ajili ya walinzi wa mashamba, ili matawi ya miti yasiwaangushe kofia wakiwa juu ya farasi. Baadaye wafanyakazi wa benki wakaifanya yao.

Kwa wale wanaoniambia fedora ni kofia ya “wanaume hasa”: jina hilo limetoka kwenye tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 1882, na Fédora ni mwanamke. Aliyemwigiza ni Sarah Bernhardt.

Hapa Kenya ukivaa chapeo utaulizwa siasa, upende usipende. Raila Odinga alizivaa miaka mingi sana hadi alipofariki Oktoba 2025, na mitaani bado mtu ataniita “Baba!”, kama alivyoitwa yeye, kutoka upande wa pili wa Njia Kuu. Sibishani naye. Naitikia, napita.

Kofia za panama zinatoka Panama?

Hapana, zinatoka Ecuador. Hufumwa kwa mkono kwa majani ya mmea uitwao toquilla, na zile zinazosifiwa zaidi ni za mji wa Montecristi. Panama ilikuwa njia tu: bidhaa zilipitia pale kwenda sehemu nyingine za dunia, zikapewa jina la bandari. Mwaka 1906 Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, alipokwenda kuutazama mfereji ukichimbwa alipigwa picha akiwa na kofia hiyo, na jina likaganda kabisa. Ufumaji wenyewe UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya turathi mwaka 2012, kwa jina la Ecuador, alhamdulillahi.

Panama nyembamba kabisa huchukua miezi mikononi mwa mfumaji mmoja. Mtu wa Amu hashangai akisikia hivyo.

Nitajuaje kama ni ya kweli?

Mimi nilijua kwa kuchelewa. Duka moja la watalii, mji sitautaja, liliniuzia “panama halisi” kwa Sh3,500. Mvua ya kwanza ya vuli ukingo ukalainika, ukashuka mashavuni kama chapati. Ilikuwa karatasi iliyosokotwa.

Sasa nafanya hivi. Naigeuza kofia na kutafuta katikati ya kichwa chake: ya kufumwa ina kiduara pale mfumaji alipoanzia, na nyuzi zote zinatokea hapo kama miale. Ukiona ukili (utepe wa majani yaliyosukwa) mrefu umezungushwa na kushonwa kwa cherehani, hiyo ni aina nyingine; huenda ni nzuri, ila si panama. Kisha nalowesha kidole kwa mate, naugusa ukingo kwa chini. Karatasi hulegea pale pale. Mwenye duka akikasirika, nimeshapata jibu. Na majani ya kweli hayalingani rangi kikamilifu. Yakilingana mno, shuku.

Halafu msizikunje na kuzitia mfukoni kama matangazo yanavyoonyesha. Zitapasuka kwenye kunjo.

Felti ni nini hasa?

Ni manyoya, hayafumwi wala hayasukwi. Ya sungura, au ya yule mnyama wa mitoni wa nchi za baridi, biva, kwa kofia za bei kubwa. Hutiwa mvuke na maji moto, yakasuguliwa na kushindiliwa hadi yakamatane yawe kitambaa kimoja, kisha huvutwa kwenye kalibu ya mti yenye umbo la kichwa.

Kazi hiyo iliua watu. Viwandani walitumia zebaki ili manyoya yashikane, na mafundi wakivuta mvuke wake wakaanza kutetemeka mikono, kusahau, kugomba bila sababu. Waingereza wakawa na msemo wa kumfananisha mwendawazimu na mshona kofia. Marekani iliacha kutumia zebaki kwenye felti mwaka 1941. Ndiyo maana chapeo zangu mbili kuukuu mno sizitii mvuke wala kuzisugua, zinakaa, nazitazama.

Kofia ya vito inashonwaje, na mbona ghali?

Hapa naomba mniache niseme.

Ni vipande viwili: duara la juu na ukanda wa kuzunguka. Kila kipande ni kitambaa cheupe mara mbili. Mchoraji huchora kwa penseli, na mara nyingi mchoraji si mshonaji. Kuna watu wanaojulikana kwa mkono wa kuchora tu, hawajawahi kumaliza kofia. Kisha uzi mnene hupitishwa katikati ya vitambaa viwili ili michirizi iinuke. Halafu ndiyo vito. Kila kitobo hutobolewa, kikazungushwa uzi ukingoni kote, kikakazwa, hadi pakabaki jicho. Kisha cha pili. Kisha cha tatu.

Niliwahi kuweka sarafu ya shilingi 1 juu ya kofia yangu ya Idi na kuhesabu vito vilivyofichwa chini yake: 19. Sarafu moja tu. Inue kofia kwenye jua utaona nuru inapenya pote. Hiyo ndiyo feni ya kichwa, na ndiyo sababu mzee wangu wa Langoni hakutoa jasho msikitini wakati sisi wa kofia za plastiki tulikuwa tunalowa.

Ya mwisho niliinunua Sh9,000. Rafiki yangu akaguna. Nikamwambia tupige hesabu: fundi alikaa nayo miezi mitatu, akishona alasiri hadi mwanga unapokuwa mwekundu, maana taa inaumiza macho. Sh3,000 kwa mwezi. Sh100 kwa siku, na uzi ni wake. Chai ya tangawizi na mahamri mawili vitakula nusu yake.

Ya mashine utaipata kwa Sh300, imekuja kwa kontena. Sisemi asiye na pesa asivae, kichwa hakingoji. Lakini msiniambie ni kitu kile kile. Ipindueni. Ndani mtaona nyuzi zimepita kutoka ua hadi ua kama nyaya za umeme, na vitobo havikuzungushwa, vimetobolewa tu vikaachwa vifumuke.

Wanaoshona sasa si wazee wa barazani peke yao, wanawake wanashona majumbani. Mzee wangu hakuacha mwanafunzi. Mimi mwenyewe alinifundisha wiki mbili, akanitazama vidole, akanirudisha shule.

Na tarbushi?

Ile nyekundu yenye shada jeusi. Sultani Mahmud II aliwavalisha watumishi wa dola ya Uthmaniya mwaka 1829 kuwa ndiyo alama ya usasa, na mwaka 1925 Atatürk akaipiga marufuku Uturuki kwa sababu imekuwa alama ya ukale. Kofia ni ile ile. Huku kwetu wazee wetu waliivaa, na askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, pia. Yangu inapoteza shada kila Maulidi.

Nipimeje kichwa?

Futi ya fundi cherehani, ipite katikati ya paji na kama sentimita 1 juu ya masikio, isikaze wala isilegee. Pima baada ya kunyoa. Ukipata sentimita 58, hiyo ndiyo namba ya Ulaya. Marekani wataiita 7¼ na Waingereza 7⅛, tofauti ambayo imenigharimu kofia moja. Kwa mshona vito sema karibu inchi 23, lakini heri uende mwenyewe. Mzee wangu hakukubali namba ya kuandikwa. Alizungusha uzi kichwani mwa mtu, akaufunga fundo, akautia mfukoni. “Kwanda kitwa,” alisema, “kisha kofia.”

Ikizidi kidogo, kunja gazeti jembamba ulitie nyuma ya ukanda wa ngozi. Ikipungua, mwachie mdogo wako. Nimeshasema habari ya kuumwa na kichwa.

Husikii joto?

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, felti sizigusi. Hapo ni majani na vito. Felti hutoka wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, jioni, na hata hapo watu huniuliza kama naumwa. Wanaosahaulika ni wavuvi na wakulima wetu, ambao zamani sana walishajibu swali hili kwa pama ya ukindu: ukili umesukwa, umezungushwa, umeshonwa kwa shazia, ile sindano kubwa. Nyepesi, inapitisha upepo, ikichakaa unachoma. Zile nne zangu ndizo nizivaazo zaidi kuliko zote, basi tu hazina wa kuzipiga picha.

Kwenye boti je?

Chapeo moja imebaki baharini kati ya Shela na Manda. Tangu hapo nafunga uzi wa mshipi kutoka kwenye utepe wa kofia hadi kifungo cha shati. Si uvumbuzi wangu. Chapeo nyingi za zamani zilikuja na kamba yake na kifungo, kwa kazi hiyo hiyo. Ukivuka kutoka Mokowe bila uzi, keti upepo uwe nyuma yako na mkono uwe juu.

Kuvu na nondo unazizuiaje?

Unyevu wa hapa unafaa majani, ni adui wa felti. Kabatini nimezipanga kichwa chini, ukingo juu, maana ukizilaza kwa ukingo zinapinda. Kila wiki mbili nazitoa kivulini zipate hewa, nazipiga brashi laini kwa kufuata upande mmoja.

Kwa nondo natia karafuu maiti. Mke wangu aliponusa mara ya kwanza alirudi nyuma hatua tatu: “Nani kafa?” Sasa anazifukiza udi mwenyewe siku anapofukiza nguo, na chapeo ya ami inanukia kama bwana harusi. Sijui ami angesemaje. Nadhani angecheka.

Kofia ya vito inafuliwaje?

Iloweke kwenye maji ya sabuni, isugue kwa vidole, usitumie brashi. Jiki itaing'arisha leo na kula uzi wake kesho. Suuza, itie wanga mwepesi, kisha ivike kwenye kopo au bakuli linalolingana na kichwa chako ikaukie hapo. Ukiianika kwenye kamba itarudi na masikio.

Nivue nikiingia ndani?

Adabu mbili zinagongana hapa. Kwa Wazungu mwanamume huvua chapeo aingiapo nyumbani kwa mtu. Kwetu kofia ni heshima yenyewe; ukimwendea mzee kichwa wazi ndipo atakapokutazama vibaya. Mimi nimepatanisha hivi: mlangoni navua chapeo, na mahali pake natoa mfukoni bulibuli laini, naivaa. Inachekesha, najua. Lakini msikitini sina njia nyingine, kwa sababu ukingo unazuia paji lisifike chini katika sijida. Nilijaribu mara moja kuugeuza nyuma. Imamu alinisubiri nje.

Unazipata wapi?

Mitumba ya Kongowea, Mombasa, ukienda alfajiri. Lakini hazina hasa ni Malindi. Waitaliano wamekaa pale tangu miaka ya 1960, walipoanza kurusha roketi baharini karibu na Ngomeni, na Mwitaliano anaporudi kwao huacha vitu. Nilipata Borsalino, chapeo ya kiwanda cha Italia, ya kahawia kwenye rundo la mabwelasuti, Sh400, ukanda wa ndani umekatika. Kiwanda hicho kiko Alessandria tangu 1857. Muuzaji alinipunguzia Sh50 kwa sababu “imechanika.” Nilimpelekea fundi wa ngozi mwenye asili ya Siyu, akakata ukanda mpya wa ngozi ya mbuzi, akaushona kwa kupitia matundu yale yale ya zamani, moja moja, asitoboe jipya. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Hakuelewa swali.

Ni kweli punda alikula kofia yako?

Kweli. Panama, ya kweli, niliiweka barazani nikavua viatu. Alianzia ukingoni.

Waweza kuniazima moja ya harusi?

Ya vito, hapana; imeshalijua paji langu, na jasho lako litaichanganya. Chapeo, tazama kwanza kama kichwa chako ni 59, na uniahidi hutapanda boti nayo. Ile ya kijivu ya ami usiulize. Haikutoshi, hata mimi hainitoshi.